Kamera Inayofuta

“Na mimi nakwambia hiyo haiingii nyumbani kwangu,” nilimwambia Sheila. “Kamera bila filamu ni sufuria bila kitako.”

“Mami, unasikiza kweli? Haitumii filamu. Hiyo ndiyo maana yake.”

“Na picha zinakaa wapi? Hewani?”

“Kwa kadi!” Sheila alisema, huku akiigonga kaunta kwa kidole kana kwamba mwanafunzi ni mimi. “Bwana Koome amekuonyesha kadi. Umeishika na mkono.”

“Nimeshika kitu kama kipande cha biskuti. Hakuna picha niliyoiona humo.”

Koome, mwenye duka, alicheka peke yake. Duka lake liko Makutano, la redio, saa na betri, na asubuhi hiyo alikuwa ametutandikia kitambaa cheusi juu ya kaunta na kutuwekea kamera mbili. Moja ilikuwa ya filamu, nyeusi, ndogo, ya kuingia kwenye mfuko wa koti, inayoivuta filamu yenyewe ukishapiga. Ya pili ilikuwa ya dijitali, ya rangi ya fedha, nene kama mche wa sabuni, na nyuma yake kulikuwa na kioo kidogo. Hiyo ilikuwa imetumika. Iliachwa na mhandisi mzungu wa mradi wa maji aliyemaliza kazi akarudi kwao, na ndiyo maana Koome alikuwa tayari kuitoa kwa bei ile ile ya nyingine. Kwa hivyo hatukuwa tunagombania bei. Tuligombana kwa sababu mwanangu ana miaka kumi na saba na anadhani mwaka huu wa tisini na tisa umeletwa duniani kwa ajili yake.

“Tuseme picha ziko kwa kadi,” nilisema. “Nitazitoaje? Kompyuta ni moja ofisini kwetu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la mgeni, na Jedidah, karani wetu, anatembea na ufunguo wa chumba shingoni. Hata bosi humwomba.”

“Utaziona kwa kioo.”

“Kioo kidogo kuliko kibiriti. Na betri nne! Koome, hizi betri zinakaa siku ngapi?”

“Inategemea, Madam,” Koome alisema. Nikajua hazikai.

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba wake wa kamba magotini, akila ndizi. Alikuwa amekaa nasi wiki nzima kwa sababu ya daktari wa macho, na mchana huo alikuwa anarudi kwake Kibugu, kwa kuwa majani chai hayamngoji mtu apone. Kiswahili husikia akitaka. Asipotaka, ni Kiembu tu.

“Mnanunua au mnauza?” alituuliza kwa Kiembu.

“Tunanunua, Mama.”

“Nilidhani mnauza. Kelele ni za kuuza.”

Kamera yenyewe nilikuwa nimeitaka tangu mwaka uliopita, tulipomzika kaka yangu Gitari. Hatukuwa na picha yake hata moja ya ukubwani. Picha iliyochapishwa kwenye karatasi ya ibada ilitolewa kwenye kipande chake, kitambulisho cha serikali, ikakuzwa mpaka macho yakawa kama matundu mawili kwenye gunia. Mama aliishika karatasi ile ibada nzima. Mwishoni akanikaribia sikioni na kuniuliza huyu ni nani. Nikaapa kwamba nyumbani kwangu itaingia kamera, na si ya harusi wala ya mahafali. Nilitaka ya kila siku, ya kupiga watu picha wakila, wakifua, wakichuna chai. Na wa kwanza awe Mama, maana umri wake hata yeye haujui vizuri.

“Ya filamu,” nilimwambia Koome. “Funga.”

“Sawa, Mami,” Sheila alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na akishusha sauti ndipo huwa mbaya. “Nunua ya filamu. Halafu mzee wa studio azione zote kabla yako, achague moja aiweke kwa kioo.”

Hapo akanipata.

Atakayesoma haya asiyetoka kwetu pengine hajui. Ukipeleka filamu kuoshwa, mwenye studio huchagua picha zinazompendeza, akaosha nakala zake, akazibandika kwenye sanduku la kioo pale mlangoni ili wapita njia waone kazi yake. Haulizi mtu. Wengi hufurahi. Agosti, Sheila aliazima kamera ya rafiki yake wa shule, akaenda nayo Kibugu, akampiga picha bibi yake shambani. Jumatatu moja nikawa natoka kazini na wenzangu, na nikamwona Mama, kati ya bibi harusi na askari jeshi, miguu peku, kichwa wazi, mdomo wazi akicheka, na masikio yake yakining’inia.

Masikio hayo lazima niyaeleze. Wasichana wa rika lake walitobolewa ndewe za masikio, tundu likapanuliwa kidogo kidogo kwa vipande vya mti, kila mara kikubwa kuliko cha kwanza. Ndio ulikuwa urembo. Siku ya kubatizwa alivitupa vile vipande, lakini ndewe hazikurudi mahali pake. Mpaka leo zinaning’inia kama vitanzi, na ya kushoto ilikatika zamani akiwa amebeba kuni, ikabaki ncha mbili. Mimi nina diploma ya kilimo. Nasimama mbele ya vikundi vya wakulima nikiwaambia mambo ya kisasa. Siku ile mwenzangu mmoja alisimama mbele ya kioo akasema, “Aki tazama huyu nyanya, kama wa kitabu cha historia!” Nami nikatazama saa yangu. Kesho yake nikarudi peke yangu na kumwambia mwenye studio aitoe.

“Hiyo ilikuwa picha poa kuliko zote kwa hicho kioo,” Sheila alisema sasa. “Na wewe ukaiondoa.”

“Mama yangu si tangazo la mtu.”

“Hukuiondoa kwa sababu ya tangazo.”

“Sheila, chunga mdomo.”

Koome aliona pa kupenyeza biashara yake, akaingia kati. “Basi Madam, dawa si ndiyo hii! Hii haina mtu wa studio. Unapiga, unaona hapo hapo, wewe peke yako. Ikitoka vizuri, unaweka. Ikitoka vibaya, unafuta. Hakuna atakayejua ilipigwa.”

Nikaitazama tena ile ya rangi ya fedha. Koome ni mfanyabiashara, akiona mteja anatazama bidhaa humwacha atazame.

“Inafutika kabisa?”

“Kabisa. Kama hukuwahi kupiga.”

“Nionyeshe.”

Sheila alinigeukia. Dakika moja tu kabla ya hapo alikuwa akiipigania kamera ile kama mali ya baba yake, na sasa nilipoinyooshea mkono aliniangalia kana kwamba nimeiba. “Mami, si ya kufuta tu…” alianza.

“Ulitaka ya dijitali. Wacha nionyeshwe ya dijitali.”

Koome alitafuta wa kupiga, akamwona Mama mlangoni. “Cucu, bibi yetu, njoo nikupige picha!”

Mama alimaliza ndizi yake bila haraka, akaweka ganda ndani ya mkoba, akasimama. Kisha akafanya lile analofanya kila anapoona kamera. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakibana kwapani. Maisha yake yote waliowahi kumpiga picha ni watu wa serikali, na kila mara walimwambia toa kitambaa, masikio yaonekane. Yeye anadhani hiyo ndiyo sheria ya kamera zote. Hata Sheila kule shambani hakumwambia atoe, alitoa mwenyewe. Akasimama katikati ya duka na viatu vyake vya plastiki vya sandak, mikono imenyooka ubavuni, nywele nyeupe, ndewe zikigusa kola ya koti.

“Cheka kidogo, Cucu,” Koome alisema.

“Serikali haitaki tucheke,” Mama alijibu.

Sheila alicheka, na Mama akashindwa kujizuia akacheka pia, na papo hapo Koome akabonyeza.

“Haya, njooni muone.”

Tulikizunguka kile kioo kidogo. Mama alikuwa humo. Aliisogeza kamera mpaka karibu iguse pua, macho yake yakiwa bado na majimaji ya dawa, akatulia. Halafu akapiga kelele ndogo kama mtu aliyemwagiwa maji.

“Ni mimi! Nimeingia lini?”

“Sasa hivi, Cucu,” Sheila alisema.

“Hata ndizi haijashuka tumboni na mimi niko humu!” Akaweka kidole juu ya kioo. “Tazama haya masikio. Ruguru, tazama. Haya si yangu, ni ya mama yangu. Nimekuwa mama yangu kabisa.”

Alikuwa anafurahi. Niliona kwamba anafurahi, siwezi kusema sikuona. Lakini wakati huo alikuwa ameingia mwanamke mmoja mwenye sketi ya suti na viatu virefu, amekuja kununua betri, na aliposikia vicheko akanyoosha shingo juu ya bega langu. “Hata mimi nione,” alisema. “Nini hicho kinaning’inia?”

“Kitufe ni kipi?” nilimwuliza Koome.

“Hicho chenye alama ya pipa la taka.”

Nikabonyeza. Kamera ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Kioo kikawa cha kijivu.

Mama alikuwa bado ameinama, kidole chake kimesimama pale pale.

“Nimeenda wapi?” aliuliza.

Aliigeuza kamera akaangalia upande wa pili, kisha chini, kama mtu anayetafuta kuku aliyepita chini ya kitanda.

“Cucu, hiyo ilikuwa ya kujaribu tu,” Koome alisema.

“Nimeiharibu.” Alisimama wima, akaikabidhi kamera kwa mikono miwili kwa uangalifu. “Ni kwa sababu nilicheka. Si nilisema? Rudia, kijana. Sitacheka.” Na kweli akanyoosha mikono tena, akaukaza uso.

“Hukuiharibu, Cucu,” Sheila alisema. Alisema kwa Kiembu, yeye ambaye nikimsemesha Kiembu nyumbani hunijibu Kiswahili. “Ni Mami amekufuta.”

“Sheila!”

“Si ni ukweli?”

Mama alinitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini najua macho yangu yalikuwa wapi, kwa sababu yeye aliyafuata. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye ndewe ya kushoto, ile iliyokatika, ukaishika kwa vidole viwili.

Akatoa kitambaa kwapani. Akakifunga, na alipomaliza akakivuta chini upande huu na upande ule mpaka masikio yakafichika, vile vile ninavyomvutia mimi anapofika kwangu, hata kabla sijamwuliza habari za safari.

“Kila Krismasi, kitambaa,” alisema. “Kila ukija Kibugu, kitambaa. Nina sanduku zima. Nawaambia wanawake wa kanisa, Ruguru wangu anaogopa nisije nikashikwa na baridi.” Hakuwa na hasira. Alikuwa anapanga mambo mahali pake tu, kama anavyopanga vyombo. “Kumbe ni masikio.”

Alichukua mkoba wake akatoka nje, akaketi kwenye ngazi ya duka.

Ningependelea anitukane. Matusi nayajua, nimelelewa nayo, ningejibu na mambo yangeisha. Nilisimama pale na mkoba wangu wa ofisini begani, na shingo yangu ikawa na joto mpaka nikataka kufungua vifungo vya blauzi. Koome alichukua tambara akaanza kupangusa kaunta iliyokuwa safi. Mwanamke wa viatu virefu alikumbuka anapokwenda, akaondoka bila betri. Sheila, ambaye angeweza sasa kunimaliza, alikuwa anatazama sakafu, na hilo lilinichoma zaidi. Mtoto akikuonea haya mpaka anaacha kugombana nawe, umefika chini kabisa.

“Madam,” Koome alisema, “kitu kama hicho hutokea. Tunaweza kumrudia. Hii kamera haichoki, unapiga mara mia na hulipi kitu…”

Niliichukua tena mkononi. Nilitaka kuona kama ningeweza kuwa nayo nyumbani. Sikuhitaji muda mrefu, najijua. Kidole changu kilikuwa tayari kimelala juu ya kile kitufe, chenyewe, bila kutumwa. Ningempiga Mama jikoni, nikaona moshi ukutani, nikafuta. Ningempiga akila, nikaona meno yaliyobaki, nikafuta. Miguu, nikafuta. Siku ya siku ningefungua ile kadi nikakuta amebaki mtu mmoja tu, amevaa kitambaa kipya na hacheki, na ningemwuliza Sheila huyu ni nani.

“Rudisha hii kwenye sanduku,” nilisema. “Nipe ya filamu.”

“Lakini Madam, umeona mwenyewe jinsi hii…”

“Nimeona. Ya filamu, Koome. Na uweke filamu ndani sasa hivi, na betri.”

Sheila aliinua kichwa. “Mami, mzee wa studio ataziona.”

“Azione.”

“Ataziweka kwa kioo.”

“Hicho kioo ni chake, si changu. Beba risiti.”

Koome alifungua mgongo wa kamera, akaingiza filamu, akafunga. Ilinguruma kidogo ikatulia. Nililipa, nikatoka nayo mkononi.

Nje jua lilikuwa kali na lori la mbao lilikuwa likirudi nyuma, utingo akipiga kelele na kugonga ubavu. Mama aliangalia lori. Alinisikia nikija na hakugeuka.

“Gari la Embu linajaa saa ngapi?” aliuliza.

“Bado, Mama. Nimenunua kamera.”

“Ile inayokula watu?”

“Hapana. Ile nyingine. Hii ikishakupiga, imekupiga. Haina cha kufuta.”

“Hata ukitaka?”

“Hata nikitaka.”

Utingo aligonga lori mara ya mwisho, likasimama. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye kaunta, lakini yaliponifika mdomoni yote yalikuwa ya ofisini.

“Mama, toa kitambaa.”

“Ni serikali imesema?”

“Ni mimi.”

“Na nikitoa, wewe utaangalia wapi?”

Niliigeuza kamera mkononi, na yeye hakunisaidia. Alingoja. Watu walipita, wengine wakanisalimia kwa jina, nikawaitikia huku nimesimama mbele ya mama yangu kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza pesa.

“Nilikuonea haya,” nilisema hatimaye. “Si leo tu.”

“Najua,” alisema. “Sasa najua.” Akasogea upande mmoja wa ngazi. “Kaa hapa. Sitaki kupigwa peke yangu kama mtu wa kipande.”

Ngazi ilikuwa na vumbi na maji ya mtu aliyeosha miguu. Nilikaa na sketi yangu ya kazini. Mama alifungua kitambaa, safari hii hakukikunja, alikiacha kikaanguka magotini kwake, na ndewe yake ya kushoto ikawa karibu kabisa na shavu langu, ncha zake mbili, na harufu ya sabuni niliyompa aogee asubuhi. Pikapu ya miraa ya Maua ikapita ikirudi tupu kutoka Nairobi, ikipiga honi, na dereva akatoa kichwa kututazama. Nilimpa kamera Sheila.

“Piga,” nilimwambia.

Alirudi nyuma hatua chache, karibu kuingia barabarani. Akafumba jicho moja.

“Mami, umeangalia chini.”

Niliinua uso.

“Cucu, uko sawa?”

“Mimi niko sawa,” Mama alisema. “Huyu ndiye anatetemeka.”

Sheila akabonyeza, na filamu ikajivuta mbele.